Bati la Pili

Ilikuwa saa tisa alasiri, Oktoba 2016, katika parseli moja ya Katuba. Niliweka kiganja juu ya kofre ya pampu, lile sanduku la chuma la vifaa vyake vya umeme, nikakiondoa kabla sijahesabu hadi mbili. Nyuma yangu walikuwa wamepanga bidoni za njano, tangu kwenye bomba hadi nje ya lango, na wenye bidoni walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakinitazama. Mama mwenye kisima hakupandisha sauti. Alisema tu: “Fundi, iyi kintu inakata kila siku saa ileile. Asubuhi haikati.”

Sentensi hiyo ilikuwa na kila nilichohitaji kujua, na niliipita kama mtu anavyompita mzee njiani bila salamu.

Mji wetu, Lubumbashi, uko juu, mita 1,200 na ushee kutoka usawa wa bahari. Mgeni anayefika Juni hushangaa kutukuta asubuhi tumejifunika makoti. Oktoba ni habari nyingine. Kiangazi kimekaa tangu Mei, majani yamekwisha kuchomwa, vumbi jekundu limepanda hadi kwenye paa, na kati ya tarehe 20 na 25 za mwezi huo jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vyetu likiwa safarini kuelekea kusini. Mawingu bado hayajajaa. Hewa hufika nyuzi 32 au 33, na hizo si nyingi. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaishi nazo. Lakini hewa ni jambo moja, na chuma kilichokaa juani ni jambo lingine. Jua kali la mchana hushusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba inayolitazama. Kofre ya mama yule ilikuwa na uso wa sentimita 40 kwa 60, imepakwa rangi ya kijivu iliyokolea, imefungwa kwenye ukuta wa magharibi. Alasiri ile uso wake ulikuwa unakunywa joto la zaidi ya wati 100. Ni sawa na mtu kuiegemezea taa ya zamani ya wati 100 na kuiacha hapo hadi jioni.

Ndani yake kulikuwa na disjonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi. Kinachoikata ni kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikana, ambazo zikipata joto hazitanuki sawasawa, kwa hiyo kipande hupinda, na kikishapinda vya kutosha hufyatua. Kiwandani hupimwa katika joto linalojulikana: nyuzi 30 kwa zile za nyumbani, 40 kwa nyingi za viwandani. Ukiiweka mahali penye nyuzi 58, kama nilivyokuja kupima baadaye, kipande kile kimekwisha kupinda sehemu ya njia kabla pampu haijaomba chochote. Ampea 16 zilizoandikwa usoni mwake huwa 13 au 14. Tena kwetu umeme ukirudi baada ya delestaji, yaani mgawo wa umeme, kila jiko na kila friji ya mtaa huamka kwa pamoja, volti hushuka, na mota ya pampu hulazimika kuvuta ampea zaidi ili ifanye kazi ileile. Joto la jua, joto la hewa, joto la kazi yenyewe: yote matatu yalikutana saa tisa alasiri.

Hayo nayasema leo. Siku ile nilitoa disjonkteri ya 16 nikaweka ya 25.

Haikukata tena. Nilipokea malipo yangu, nikapanda pikipiki, nikaenda. Baada ya siku nne mama aliniita, akasema pampu inafanya kazi lakini kofre inanuka. Nilipoifungua nilikuta waya ule mwembamba wa milimita 2.5 za mraba umelainika ganda lake kama nta. Ganda la waya wa kawaida halitakiwi kupita nyuzi 70, na mimi nilikuwa nimemwondoa mlinzi pekee aliyekuwa akipiga kelele kwa niaba yake. Tena nilikuwa nimemwita mbovu. Nilirudisha ya 16, nikabadilisha waya kwa fedha yangu mwenyewe, na kwa haraka ya mtu mwenye aibu nikachukua drili nikatoboa matundu sita juu na sita chini. Kofre ipumue, nikajiambia.

Ilipumua. Ilivuta ndani vumbi lote la wiki ile, na nyigu wakaona mlango. Halafu, mwanzoni mwa Novemba, mvua ya kwanza ikaja kama inavyokuja huku, ya upepo, ikipiga ukuta kutoka pembeni. Maji yakaingia kwa matundu niliyoyatoboa kwa mkono wangu. Koili ya kontakta, ile swichi inayoiwasha pampu, ikaungua, na mtaa mzima ukakaa siku mbili bila maji ya karibu. Nilimwona mtoto wa miaka minane hivi akirudi na bidoni kichwani kutoka mbali, shingo yake ikitetemeka, na sijaisahau shingo ile.

Sasa lazima nimlete baba, kwa sababu bila yeye habari hii ingebaki ya drili na bati.

Baba alikuwa fundi umeme wa mgodini kwa miaka mingi. Kwake kazi haikuwa mshahara tu. Ilikuwa saa ya kuamka, wimbo wa king’ora, jina aliloitwa barabarani. Kazi hiyo ilikwisha kwa karatasi moja, na tangu siku hiyo akahamia kwenye baraza ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki, na redio ndogo. Asubuhi alikuwa na amani. Wajukuu waliweza kumpanda magotini. Ikifika alasiri, tukisharudi wote, nyumba ikijaa sauti, angeweza kuwaka kwa neno dogo, kwa mlango uliofungwa kwa kishindo, kwa sahani ya bukari iliyochelewa. Akishawaka hunyamaza hadi kesho.

Sisi watoto wake tulifanya kikao. Tulikubaliana kwamba mzee amejifunga, na mtu aliyejifunga lazima afunguliwe. Tulimwita baba mdogo kutoka Likasi aje kuongea naye. Tukamwita mchungaji. Dada yangu akawa anamwuliza kila jioni, kwa upendo wa kweli: “Baba, unawaza nini? Tuambie.” Mimi nilimwuliza kuhusu zile fedha za mwisho alizolipwa mgodini, zilikwendaje, na nilidhani kwamba kwa kuuliza ninamsaidia kutua mzigo. Kila swali lilimfanya awe mkali zaidi, na kila ukali ulitupa sababu ya swali jingine. Yapo maneno tuliyoyaingiza ndani ya mzee yule ambayo sijui kama yamewahi kutoka.

Usiku wa ile koili iliyoungua nilikuwa namsimulia mke wangu jikoni, na sikujua kwamba sauti inafika barazani. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilimkuta baba amesimama langoni. Alikuwa amevaa salopeti yake ya zamani, imefuliwa hadi buluu yake imekuwa kama maji. Sikumuuliza kitu. Sina hekima ya kujisifu nayo hapo. Nilishangaa tu, na mshangao ukanifunga mdomo. Nilimwachia nafasi kwenye pikipiki.

Kule Katuba alimwamkia mama mwenye kisima kwa heshima zote, akauliza habari za watoto, za usiku, za kisima. Halafu akavuta kiti, akakaa mbele ya kofre. Nilitaka kuifungua, akaninyooshea kidole kwamba nisubiri. Alikaa. Alitazama ukuta, akatazama mwembe, akafuata kwa macho njia ambayo jua lingepita kutwa. Mama akaleta chai. Ilikuwa kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa na hataki kumwamsha. Mwishowe akasema, si kwangu hasa, ni kama kwa ukuta: “Iyi kofre haina bugonjwa. Baliiweka mahali mubaya.”

Nilimwambia kuhusu matundu, kwamba nilidhani inakosa hewa. Akatikisa kichwa. Alichonieleza pale, kwa maneno machache na kwa mkono uliokuwa unachora hewani, ndicho kilichobadilisha kazi yangu, na nitajaribu kukirudisha kwa Kiswahili changu. Kofre iliyofungwa vizuri haikosi hewa. Vyombo vilivyo ndani vina joto lao dogo, na joto hilo hutoka polepole kwa kupita kwenye kuta za chuma hadi nje. Kuta ndizo mlango wake. Kila mita ya mraba ya bati inaweza kutoa wati tano au sita hivi kwa kila nyuzi moja ambayo ndani pamezidi nje, na kwa kofre ya kisima hiyo inatosha kabisa. Tatizo huanza jua linapoukalia ukuta. Hapo mlango uleule wa kutolea joto hugeuka mlango wa kuingizia. Ukitoboa matundu hujaliondoa jua mlangoni, umeongeza tu njia za mvua na vumbi na wadudu. Kufungwa kwake hakukuwa ugonjwa. Imefungwa kwa sababu nzuri, na inajua kujitunza, mradi kitu kimoja kisimame kati yake na jua.

Ningeweza kuihamisha, alisema, lakini waya wa kisima ulikuwa mfupi. Huku kwetu ukuta wa kusini ni mzuri: tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki, linapopita kusini, liko juu sana na mawingu ya mvua yameshika zamu. Ukuta wa mashariki nao unavumilika, kwa sababu jua la asubuhi hukuta hewa bado ya baridi. Ukuta wa magharibi ndio mbaya kuliko zote, maana unapigwa na jua wakati ambapo hewa nayo imefika kileleni. Wazee waliojenga kabini za umeme za matofali walijua mambo haya bila kuyaandika, akasema: kuta nene, paa lililotoka nje, mianya juu chini ya paa. Na baraza ya nyumba ni kitu gani kama si kivuli kinachosimama hatua tatu mbali na ukuta?

Tulinunua bati moja na kopo dogo la rangi nyeupe ya mafuta. Rangi nyeusi hunywa karibu tisa ya kumi ya jua linaloifikia. Nyeupe iliyo safi hunywa robo tu au pungufu. Iliyo safi, alirudia baba, maana vumbi la Katuba hulifanya bati jeupe kuwa jekundu kwa mwezi mmoja, na rangi isiyopanguswa ni ahadi tu. Nikabadilisha koili iliyoungua, nikaipaka kofre. Nikaziba matundu yangu kumi na mawili, moja moja, na nadhani sijawahi kufanya kazi ndogo kwa uzito kama ule. Waya nikaziingiza upya kutoka chini, ili mvua ikishuka isipate njia ya kuzifuata.

Kisha bati. Mimi nilikuwa tayari kulipigilia juu ya mlango wa kofre, lishike imara. Baba akanishika kifundo cha mkono.

“Isiguse. Kama inagusa, ni sawa haiko.”

Bati la pili likilala juu ya lile la kwanza, joto hupita moja kwa moja na umeongeza uzito tu. Lazima pawe na nafasi. Alikata vipande vinne vya bomba la zamani, kila kimoja urefu wa upana wa kiganja chake, ili bati lisimame mbali na kofre, wazi juu, wazi chini. Jua hulipiga bati, bati huwaka, hewa iliyo katikati hupata moto ikapanda yenyewe, na hewa ya chini huingia kuchukua nafasi yake. Hakuna feni, hakuna senti ya umeme. Juu aliweka kipande kilichoinama mbele kama ukingo wa kofia, kwa ajili ya jua la mchana la Oktoba, lile la wima.

Tulipokuwa tukifunga skrubu, yeye ameshika bati, mimi nikikaza, baba alianza kusimulia siku yake ya mwisho kazini. Sikuwa nimeuliza. Macho yake yalikuwa kwenye bati na yangu kwenye skrubu, kati yetu pakiwa na mkono mmoja wa hewa. Alisema kwamba siku ile alirudi ndani kuchukua bisibisi yake, iliyokuwa mali yake mwenyewe, na mlinzi kijana aliyekuwa akimwita baba kwa miaka yote akamwambia hawezi kupita tena. Alisema hakumlaumu kijana. Alisema alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akizunguka mitaa, ili tusimwone akirudi mapema. Mimi nilikuwa nyumbani siku hiyo. Nakumbuka alirudi saa ileile ya kila siku, na nakumbuka nilimwomba fedha ya daftari.

Sikujibu neno. Nilitafuta skrubu ya tatu ndani ya kopo, nikampa, akaipokea.

Ilituchukua hadi saa saba. Tulikaa chini ya mwembe na wale wenye bidoni tukingoja saa tisa. Umeme ulikuwepo siku hiyo. Saa tisa baba akasimama, akapitisha mkono wake kati ya bati na kofre, akauacha humo. Hakuutoa. Niliweka kipimajoto changu ndani: 41, nje pakiwa 32. Jua la siku ile lilikuwa na mawingu kidogo, sitaki kudanganya. Lakini siku nyingine nyingi za jua kamili nilizorudi kupima hakikupita 44. Pampu ilivuta maji hadi jioni na disjonkteri ya 16, ileile niliyoiita mbovu, haikukata.

Nimefikiria sana tangu hapo kuhusu umeme wenyewe. Tangu 1982 kuna laini inayoutoa Inga, kule kwenye mto Kongo, kupitia msituni na nyikani, karibu kilomita 1,700, hadi Kolwezi. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, mashine zilianza kuuzalisha mwaka 1930, kabla babu yangu hajaoa. Nguvu iliyotoka mbali hivyo ikafika hadi Katuba, halafu ikashindwa kwenye hatua ya mwisho, ndani ya sanduku la sentimita 60, kwa kukosa kivuli. Siku hizi kila mwenye uwezo mjini ananunua paneli za jua na betri, na naziona betri zimepangwa kwenye vibanda vya bati vilivyokaa juani. Betri ya risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi kumi zinazozidi kile kiwango cha 25 ilichoundiwa. Mwenye betri humlaumu aliyemuuzia. Inaniuma, kwa sababu wengi wameuza shamba au kiwanja ili wazinunue, na fundi aliyezifunga angetumia nusu siku zaidi zingeishi mara mbili.

Nyumbani tuliacha vikao. Nilimwomba dada yangu aache swali la jioni, alikasirika kwanza, akadhani nimemchoka baba. Nilimwambia aende naye kwenye soko la Kenya, humuhumu mjini, amshikie kikapu, asiulize. Alasiri, saa ile nyumba inapojaa, tulianza kumpeleka kiti chake upande wa mashariki, nyuma, kwenye mti wa parachichi, na redio yake, na watoto tukawazoesha kwamba babu akiwa pale anapitiwa kwa mbali na kusalimiwa, si kuendewa. Akitaka mtu, huita. Aliita zaidi ya tulivyotarajia. Mambo mengine hakuyasema hadi leo, na nimekubali kwamba ni yake. Si kila kilichofungwa kinaoza. Nilichelewa kulijua hilo, na miaka niliyochelewa siwezi kumrudishia.

Magoti yake sasa hayamruhusu tena kupanda pikipiki. Nikiwa na kofre mpya ya kufunga, ya pampu au ya kinu cha mahindi, mara nyingi mteja hulalamika kwamba bati la pili ni gharama ya bure, na mara nyingi nalilipa mwenyewe. Narudi jioni, naegesha, nazunguka nyuma kwenye parachichi. Baba hapunguzi sauti ya redio. Anauliza jambo moja.

“Mukono inapita?”

“Inapita, baba.”